Pombe kali, pombe nzuri: Historia ya kuonja katika Bonde la Ufa

Neno la Kiingereza 'stout' halikuwa na weusi wowote lilipoanza kuhusishwa na bia. Katika London ya karne ya 17 lilimaanisha bia yenye nguvu, basi; rangi haikuwa hoja. Mnywaji aliyeagiza stauti alikuwa akisema, kwa lugha ya baa zetu, "Nipe ile kali." Ilichukua zaidi ya miaka mia moja neno hilo kuhama kutoka kwenye nguvu hadi kwenye rangi na ladha, mpaka leo mtu akitaja stauti kila msikilizaji anaona bilauri nyeusi tititi yenye povu la kahawia juu yake. Nimelianza hapo kwa sababu Kiswahili chetu cha bara, hususan hiki kinachosemwa kuanzia Naivasha hadi Molo, kimepita njia iyo hiyo kinyumenyume. Kulikuwa na maneno mengi ya ladha katika bonde hili, tukabaki na moja la nguvu: kali.

Miezi michache iliyopita niliketi karibu na vijana watano au sita katika baa moja ya Nakuru. Walikuwa na chupa za bia nyeusi za viwanda vidogo, zilizoletwa kutoka Nairobi, na kila mmoja alikuwa na karatasi ya kutoa alama. Nilitega sikio, tabia mbaya ambayo sisi watu wa isimu huiita utafiti. Mazungumzo yao yalikuwa Kiswahili safi cha Nakuru: soka, kodi ya nyumba, siasa za kaunti. Ila kila walipofikia ladha ya kilichomo bilaurini, Kiswahili kilikatika kama stima, na Kiingereza kikashika zamu. Mara moja tu kijana mmoja alijaribu. Akasema, "Hii ni kali, bana." Mwenzake akamwuliza, "Kali aje?" Hakupata jibu.

Swali hilo, "kali aje?", ndilo ninalotaka kulijibu leo, na jibu lake ni la kihistoria kuliko la kimsamiati.

Tuanze na karatasi ile ya alama. Mashindano mengi ya bia duniani hufuata utaratibu wa chama kimoja cha waamuzi wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1985, ambao hugawa alama 50 hivi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, namna kinywaji kinavyohisika mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Angalia jambo moja. Bia inaweza kuwa nyeusi kama lami, ikapendeza macho kupindukia, na weusi wote huo ukashindania alama 3 tu pamoja na povu na wangavu. Nguvu ya kileo haina fungu lake kabisa. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, mwanakemia mzaliwa wa Denmaki, Morten Meilgaard, alitunga duara la ladha za bia ambalo ndani yake kila ladha inayoweza kutambuliwa peke yake hupewa jina lake peke yake, zaidi ya majina mia moja kwa jumla. Lengo lake lilikuwa la kiwandani: fundi wa mji mmoja akisema bia imeharibika kwa namna fulani, fundi wa mji mwingine ajue anazungumzia nini. Bila jina hakuna malalamiko, na bila malalamiko bia mbovu huuzwa.

Historia ya bia nyeusi yenyewe nitaipitia haraka, maana imesimuliwa mno. Mapema karne ya 18 wachukuzi wa mizigo wa London walipenda bia moja ya kahawia, nzito, ya bei nafuu, nayo ikaitwa kwa jina lao: pota, yaani bia ya mahamali. Ile iliyozidi nguvu ikaitwa stauti ya pota. Mwaka 1759 Arthur Guinness alikodi kiwanda Dublin kwa mkataba wa miaka 9,000 (mwenye nyumba wa Nairobi angecheka), na mwaka 1801 kampuni yake ikawa inatengeneza pota yenye nguvu zaidi na maua mengi zaidi ya hopsi, yale yanayotia uchungu, ili istahimili safari ya meli hadi visiwa vya Karibi. Mjukuu wa pota hiyo ndiye Guinness tunayeijua kwenye rafu za Nakuru. Viwanda vya London navyo vilikuwa vikipeleka stauti kali kupita zote kwenye kasri la Urusi, na hadi leo aina hiyo hubeba jina la kifalme. Lakini weusi halisi, ule wa makaa, ulikuja mwaka 1817, pale Daniel Wheeler alipopata hataza ya mashine ya kukaanga kimea ndani ya pipa linalozunguka mpaka kiwe cheusi bila kushika moto. Kwanzia hapo, mkono mdogo wa nafaka iliyokaangwa ulitosha kuipa bia nzima rangi na ladha ya kahawa chungu.

Sasa rudi nami Bonde la Ufa.

Mama aliyepika busaa kwenye mashamba ya Njoro, Rongai au Subukia hakumhitaji Wheeler. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji, ukafunikwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Kisha donge hilo huvunjwavunjwa na kukaangwa juu ya bati pana lililotandazwa motoni, mpishi akiligeuza kwa koleo, hadi liwe na rangi ya kahawia na kuanza kunukia kama ukoko wa ugali. Hukaushwa juani. Baadaye huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa, na baada ya siku mbili tatu za kuchemka bila moto pombe iko tayari kuchujwa. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu: hatua ya kukaanga haileti kileo. Kileo kingepatikana hata bila bati. Wanawake hawa walikaanga unga kwa sababu ya ladha na harufu, na kwa sababu unga uliokaangwa na kukauka huweza kuwekwa. Walipika kwa kuonja. Mahindi yenyewe ni mgeni, yaliletwa pwani na Wareno na kuenezwa bara na walowezi. Kabla yake kazi hii ilifanywa na wimbi na mtama.

Wala si busaa pekee. Wakalenjin huandaa maziwa ya mursik katika kibuyu ambacho ndani yake kimesuguliwa kwa makaa ya mti uitwao senetwet. Mtoto anayelelewa kwa mursik anazoea tangu utotoni ladha ya moshi na makaa, ladha ambayo Mwingereza huilipia pesa nyingi katika bia nyeusi. Mkalenjin wa rika langu ataibainisha senetwet kwa kunusa tu mdomo wa kibuyu, na atakuambia kama makaa yamezidi. Hiyo ni tathmini, na haikuhitaji karatasi.

Halafu kuna asali. Waogiek wa msitu wa Mau hupambanua asali kwa mti uliochanua, kwa msimu na kwa mwinuko wa msitu ilikotoka. Asali ya ukanda wa chini na ya ukanda wa juu hazichanganywi kiholela, na si kila asali inayofaa pombe. Huo ni mfumo wa madaraja kamili, wenye majina yake. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafurusha Mau. Mjadala ulihusu ardhi, ipasavyo, lakini mtu aliyeondolewa msituni anapoteza pia sababu ya kutamka jina la asali ya ua fulani, na jina lisilotamkwa kwa vizazi viwili huwa limekwenda.

Wamaasai nao hutia mizizi ya mshubiri katika pombe yao ya asali. Nasi tuna tashbihi kongwe, "chungu kama shubiri." Wagikuyu, ambao wengi waliingia bonde hili kama vibarua wa mashamba ya walowezi, walikuja na muratina. Jina hilo ni la mti kabla ya kuwa la pombe. Kiswahili huuita mvungunya. Tunda lake kavu, lenye nyuzi, hupasuliwa na kutiwa katika maji ya asali au miwa. Pombe ikiisha tunda huoshwa, hukaushwa na kutumika tena, maana chachu imejificha ndani ya nyuzi. Nyumba iliyokuwa na tunda zuri ilijulikana, na tunda hilo halikuazimwa ovyo. Mtengenezaji bia wa kisasa anayetunza chachu yake katika jokofu anafanya jambo lilo hilo.

Katika jamii hizi zote aliyepika au aliyealika ndiye aliyeonja kwanza, mbele ya wageni. Wengine husema ni kuthibitisha kwamba hakuna sumu. Ni kweli, ila si hilo tu. Ilikuwa pia kukubali dhamana: huu ni mkono wangu, semeni. Na wazee walisema. Pombe iliyochacha kupita kiasi, iliyolala, yenye machicha mengi, iliyopikwa kwa kimea kilichoota vibaya, kila moja ilikuwa na lawama yake katika lugha ya mama. Kule pwani nako, ambako dini ya wengi inakataza kileo, lugha haikukosa mgema wala maarifa yake. Tembo tamu la asubuhi si tembo kali la jioni, na lililopita hapo ni siki. Methali inayosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji ni tahadhari bora kuliko zote niwezayo kuwapa wale vijana wa alama 50. Mwenye methali alijua kwamba tathmini humbadilisha anayetathminiwa.

Je, maneno haya yalikwenda wapi? Kwa maoni yangu yalipigwa mara tatu: na sheria, na Kiswahili cha shambani, na chupa.

Sheria kwanza. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe zilizokenekwa zisiuzwe kwa Waafrika katika ukanda mpana wa bara hili, na mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukaendeleza zuio hilo. Utawala wa kikoloni wa Kenya ukaweka juu yake sheria za pombe za kienyeji: nani apike, wapi, kwa leseni ya nani. Mjini, mfano uliigwa kutoka Durban, ambako tangu 1908 manispaa ilijitwalia ukiritimba wa kuuzia Waafrika pombe na kutumia faida kugharimia mitaa yao. Nairobi ilifungua kilabu chake Pumwani mapema miaka ya 1920. Katika mfumo huo afisa hana haja ya kujua kama pombe ni nzuri. Ana maswali mawili: Imeruhusiwa? Inalevya kiasi gani? Mama aliyepikia kambi ya vibarua alijikuta akizima moto na kumwaga pombe changa kila mbwa alipobweka usiku. Mtu anayepika akihofia polisi hapiki kwa subira. Anapika upesi, anaongeza sukari guru, na anauza kinacholewesha haraka kabla hakijakamatwa.

Pigo la pili ni lugha yenyewe. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na miaka michache baadaye mashamba makubwa ya walowezi yakatanda kuanzia Soysambu hadi Njoro na Molo. Vibarua walikuwa Wakalenjin, Wagikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wakisii. Lugha iliyowaunganisha na tajiri ilikuwa Kisetla, kile Kiswahili cha amri kilichonyang'anywa ngeli na adabu. Katika Kisetla pombe zote ziliitwa 'pombe' au 'tembo', hata huku bara ambako hakuna mnazi mmoja uliowahi kuota, na sifa zake zilikuwa 'mzuri', 'mbaya' na 'kali'. Mlowezi hakuhitaji zaidi ya hapo, hakuwa anainywa. Mkalenjin na Mluhya walipoketi pamoja mwisho wa mwezi na kutaka kuzungumzia busaa ya siku hiyo, kila mmoja alikuwa na maneno mengi katika lugha yake, na lugha ya pamoja ilikuwa na matatu.

Pigo la tatu, chupa. Desemba 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, pamoja na H. A. Dowding, walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka, na katoni zao za kwanza zikaenda Hoteli ya Stanley, Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwinda, na bia yao ikapewa jina la mnyama huyo: Tusker. Wasomaji wa safu hii hawatahitaji kukumbushwa kwamba kwa Kiswahili tembo ni mnyama na tembo ni kileo. Sina ushahidi kwamba waanzilishi walilijua hilo, lakini sidhani kama kuna nembo nyingine duniani ambayo tafsiri yake imeiongezea maana bila mtu kukusudia.

Bia hiyo haikuwa ya Mwafrika. Ni hadi mwaka 1947 ndipo Waafrika wa Kenya waliporuhusiwa kununua bia ya chupa. Fikiria maana ya kuruhusiwa. Kitu ambacho jana kilikuwa cha bwana leo kiko mkononi mwako. Hukinywi kwa kuuliza kama ni kitamu. Chupa ikawa cheo. Bia nyeupe ikawa ya kila karani, na bia nyeusi, kwa kuwa ilikuwa na nguvu zaidi na bei yake juu zaidi, ikajengewa sifa za kiume na za kitabibu. Guinness yenyewe ilikuwa imetangaza Uingereza tangu mwaka 1929 kwamba ni nzuri kwa mnywaji, na huku kwetu dai hilo likageuka imani kwamba inaongeza damu, ati kwa sababu ni nyeusi. Weusi wake ni wa shayiri iliyokaangwa. Haina damu yoyote ya kukuongezea.

Uhuru haukurudisha heshima ya chungu cha busaa. Vilabu vya busaa vilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na sheria ya kupiga marufuku chang'aa ikaja mwaka 1980. Kilichofuata tunakijua. Pombe iliyosukumwa gizani ilizidi kuwa kali na kuzidi kuwa hatari. Novemba 2000 zaidi ya watu mia moja walikufa Nairobi na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Hapa lazima niseme jambo ambalo mashabiki wa kuonja hulisahau: ulimi hauwezi kuitambua methanoli. Mwonjaji hodari kuliko wote hatainusa ikiwa imechanganywa na kileo cha kawaida. Msamiati mpana hautamwokoa mtu na sumu. Kinachomwokoa ni pombe kupikwa mchana, mahali panapojulikana, na mtu mwenye jina. Ndiyo sababu naona sheria ya mwaka 2010, iliyosukumwa na John Mututho akiwa mbunge wa Naivasha, ina umuhimu kuliko mizaha ya saa za kufunga baa iliyoifanya 'Mututho' kuwa neno la kawaida mdomoni mwa walevi. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyofuta marufuku ya 1980 na kuruhusu, angalau kwa maandishi, kinywaji cha kienyeji kupimwa ubora. Kwa maandishi, nasema, kwa sababu mama wa Kaptembwo mwenye sufuria mbili bado hana njia nyepesi ya kupata leseni, na msako bado humkuta.

Naivasha hiyohiyo ndiko Tabitha Karanja alikoanzisha Keroche mwaka 1997 kwa mvinyo, na mwaka 2008 akathubutu kutoa bia, Summit, mbele ya kampuni iliyokuwa imelitawala soko kwa miongo mingi. Migogoro yake na mamlaka ya ushuru imejaza kurasa za biashara, nami sina la kuongeza. Kwa mada yetu, jambo la kukumbukwa ni kwamba tangu hapo mnywaji wa Nakuru alikuwa na bia mbili za kulinganisha, na ulinganishaji unadai maneno. Viwanda vidogo vya Nairobi vilipozuka katika miaka ya 2010, kama vile Bateleur na 254, ulinganishaji ukawa burudani kamili. Ajabu ni kuwa shayiri ya bia hulimwa papa hapa, Mau Narok na Molo, na wakulima wanaoilima wanajua ubora wa punje kwa kuitafuna. Maneno yao hayajawahi kufika baa.

Basi, kali aje? Kiswahili kinaweza kujibu, tukikiacha kiseme. Kitenzi chetu cha harufu kinatangulia karatasi ya waamuzi: kitu kizuri hunukia, kibaya hunuka, na silabi moja imeshatoa nusu ya alama. Ladha ya nafaka iliyoungua kidogo tunayo: ni ukoko, na kila aliyekulia jikoni anajua ukoko mtamu na ukoko uliokuwa masizi. Utamu mzito wenye harufu ya moto ni wa sukari guru. Kuna utamu wa tende, ambao haufanani na huo. Kule kukaza kwa ulimi, kama mtu aliyekula ndizi mbichi, ni ukakasi, na stauti iliyokaangiwa nafaka kupita kiasi ina ukakasi hata kama uchungu wake si mwingi. Uchachu mkali ni ugwadu. Katika busaa unatakiwa, katika stauti mara nyingi ni kasoro. Povu la busaa lenye chembechembe na povu laini la bia ya chupa si povu moja. Neno gumu zaidi, kusema kweli, ni 'tamu', maana linabeba sukari na ubora kwa pamoja. Mtu akisema bia hii ni tamu hujui anaisifu au anaieleza. Ningependekeza waonjaji waseme 'yenye sukari' kwa maana ya kwanza na wamwachie 'tamu' kazi yake ya zamani ya kusifu. Na 'chungu' isichanganywe na 'kali'. Uchungu unatoka kwenye hopsi na kwenye ukoko. Ukali unatoka kwenye kileo na huwasha koo. Ile Guinness ya chupa tuliyoizoea ina kileo cha asilimia 6.5, stauti za kifalme hupita 9 au 10, na busaa haiendi mbali na 4. Kwa mizani ya kijana wetu busaa ingeshika mkia daima.

Hapo wataalamu wa nje nao hawana la kujisifia. Ukitazama orodha za bia zinazopendwa zaidi na mashabiki wa Marekani na Ulaya, juu kabisa zimejazana stauti za kifalme, nyeusi na kali kupita zote, kana kwamba bia nyepesi iliyopikwa kwa ustadi haiwezi kuwa bora. Wana maneno mia na ushee, na bado ukali unawachezea. Wazee waliokunywa busaa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, kuanzia mchana hadi machweo, wangeona hiyo ni haraka isiyo na adabu. Pombe yao ilihitaji kuwa hafifu kiasi cha kuruhusu mazungumzo yaishe.

Nibakishe jambo moja dogo la joto, ambalo vijana wale walibishana nalo kwa muda mrefu. Vitabu vyao vinasema bia nyeusi yenye nguvu isinywewe ikiwa baridi sana, kwani baridi hufunga harufu. Inyweke kwenye nyuzi 10 hadi 13 hivi. Walikuwa wakiziacha chupa mezani na kuzipapasa kila baada ya dakika kadhaa. Mhudumu wa baa ya Kenya huuliza, "Moto au baridi?", na kwa 'moto' humaanisha tu chupa ambayo haikuingia kwenye friji. Wasomi wa lugha wamelicheka neno hilo, wageni wanaliogopa. Lakini Molo iko mita 2,500 hivi juu ya bahari, na usiku wa Julai ghala la baa huko lina ubaridi wa handaki la Dublin. Mzee wa Molo anayevua kofia, akaketi na kuagiza bia yake nyeusi "ya moto" anaipata kwa nyuzi zilezile zilizoandikwa vitabuni.